Darasa la Mwanafunzi Mmoja

Nilikubali kwenda kufundisha chuoni kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Aliyeniletea habari ni bwana mmoja wa ofisini, na alikuja kibandani kwangu, mtaa wa Jadida hapa Wete, akiongozana na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Shangazi huyo sijawahi kumwambia hapana tangu nipate akili zangu. Bwana akanieleza kuwa kuna mradi umekuja na umeleta vyerehani vitatu, na sasa anatafutwa fundi wa kike wa kuwafundisha wanafunzi wa kike kushona, asubuhi mbili kwa wiki. Ulikuwa msimu wa sare za skuli. Vitambaa vya buluu vilikuwa vimerundikana hadi dirishani, macho yananiwasha, na mume wangu alikuwa hajatimiza hata mwaka wa pili tangu afariki. Nikasema inshallah. Shangazi akamgeukia yule bwana akamwambia, "Amekubali."

Asiye wa huku inabidi aelezwe. Kwetu jela inaitwa chuo, na aliyefungwa anaitwa mwanafunzi. Sijui aliyebuni majina hayo alikuwa na nia gani, pengine nia njema. Lakini ukiambiwa fulani yuko chuoni, lazima uisikilize sauti ya anayekwambia ndipo ujue kama utoe pongezi au pole.

Siku ya kwanza nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kukuta darasa. Nilikata vipande vya magazeti vya kujifunzia, nikatia chaki na futi kamba ya kupimia kwenye mkoba, na njia nzima nikawa napanga maneno ya kufungulia. Askari wa kike akanipeleka chumba cha mwisho upande wa wanawake. Vyerehani vitatu vilikuwa vimepangwa ukutani, magurudumu yake bado yamefungwa nailoni. Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja.

"Wengine wako wapi?" nikauliza.

"Walikuwapo wawili," akasema askari. "Mmoja ametoka juzi, mwengine kesi yake imefutwa. Wanawake hawakai sana hapa, mwalimu. Huyu ndiye wa kukaa."

Alisema hivyo mwenyewe akisikia, na yule mwanamke hakuinua uso. Alikuwa mrefu, umri wake ni wa mwanangu wa kwanza, na viganja vyake vilikuwa vikavu na vyeupe kwenye mikunjo, mikono ya mtu aliyeishi na chumvi. Nilipomsalimu alijibu vizuri, kwa adabu. Nikamwomba afungue nailoni ya cherehani kimoja. Akaifungua taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya benchi. Ndiyo yote tuliyofanya siku ile, maana mkanda wa cherehani ulikuwa haujaja.

Kabla sijaondoka askari alinivuta pembeni. Akaniambia mwanafunzi wangu ni wa Tumbe, na alimmwagia mke mwenzake maji ya dagaa. Kule wanawake huchemsha dagaa kwenye masufuria makubwa kwa maji ya chumvi, wakishaiva huwaanika. Maji hayo yakikurukia kidogo tu mkononi utayakumbuka wiki nzima. Mke mwenza yalimpata shingoni, begani na mkono mzima wa kulia.

Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Shangazi akauliza vipi darasa. Nikamwambia ni dogo.

Kufundisha mtu mmoja kunachosha kuliko kufundisha kumi. Kumi wakiwapo, wawili wanakosea, mmoja anacheka, mwengine anauliza la maana, na mwalimu anapata pa kupumzikia. Mmoja akiwapo, kila kimya ni chenu nyote wawili. Na mwanafunzi wangu hakuwa mwepesi. Mguu wake ulikuwa mzito kwenye pedali, cherehani kikaenda mbio kama kinakimbizwa, uzi ukakatika, yeye akauangalia tu. Tulishona mistari kwenye karatasi bila uzi, kisha kwenye mabaki ya vitambaa niliyokuja nayo, mwezi ukaisha na mistari bado ilikuwa inakwenda upande. Nilifikiri mara nyingi kumwambia yule bwana wa ofisini kwamba hapa hapana fundi.

Halafu kulikuwa na sindano. Askari alizihesabu tukiingia na akazihesabu tukitoka, na mikasi pia. Siku moja sindano ikavunjika ndani ya kitambaa kizito, na ncha yake haikuonekana. Bila ya ncha ile hakuna anayetoka. Tukapiga magoti sote watatu, mimi, askari na mwanafunzi, tukapapasa sakafu kuanzia mlangoni. Magoti yangu hayakuwa ya kazi hiyo. Askari naye alikuwa mja mzito, akawa anahema. Mwanafunzi wangu akasema, "Kaeni nyie. Ntatafuta mie." Tukakaa kwenye benchi kama wageni, yeye akaipitisha mikono kila pembe mpaka akaiona chini ya mguu wa cherehani. Akampa askari kiganjani. Askari akasema ahsante. Nadhani siku ile ndiyo nilianza kumwangalia kama mtu, wala si kama ile habari niliyopewa pembeni.

Alipoanza kushika, alishika kweli. Mistari ikanyooka. Akajua kutia mfuko, akajua kukunja pindo bila kupima kila baada ya shibiri, akajifunza kukata shati kwa kuliangalia. Jambo moja tu lilimshinda. Alikuwa haishiki pasi. Tulikuwa na pasi ya mkaa, askari alikuwa anatuletea kutoka jikoni ikiwa imeshawashwa, na kila mara mwanafunzi wangu aliitazama akarudi nyuma. Mwanzo nilipiga pasi mwenyewe. Baadaye nikachoka, nikamwambia mshono usiopigwa pasi si mshono, na mtu hawezi kuwa fundi nusu.

"Sitaki kitu cha moto mkononi," akasema.

"Utapikaje ukitoka?"

Akakaa. Askari alikuwa ukumbini anazungumza na mwenzake. Mwanafunzi wangu akazungumza bila kunitazama, huku anavuta nyuzi zilizobaki kwenye kitambaa.

"Wale walonisimamia kesi walinambia nikaseme maji yalinimwagika. Kwamba niliteleza. Ningesema vile pengine nisingekaa hapa. Nilipofika mbele ya hakimu nikamwona mke mwenzangu amekaa, kafungwa kitambaa mpaka hapa." Akagusa taya. "Nikasema niliyarusha. Sikuteleza, mwalimu. Niliyachota nikayarusha."

"Kwa nini?"

"Alicheka. Tulikuwa na maneno tangu asubuhi, akacheka. Sasa hivi hata silikumbuki neno lenyewe."

Nikamuuliza kama ana watoto, nikidhani nabadilisha mazungumzo.

"Ninaye mmoja, wa kike. Nimemwacha anajua kusoma."

"Yuko na nani? Na mama yako?"

"Mama alishafariki. Yuko na yeye."

"Yeye nani?"

"Yule yule," akasema. "Mume alinipa talaka yangu humu humu, akaenda zake dago huko kwenye kambi za wavuvi, akirudi mara moja moja. Ntoto kabaki nyumbani. Nyumbani ndiko kwa yule."

Akanyanyuka, akaishika pasi kwa kanga iliyokunjwa, akaipitisha juu ya kola mara moja, akaiweka. Kola ikaungua kidogo pembeni. Nikamwambia si neno, tutaikata nyengine.

Mradi ulikwisha kama inavyokwisha miradi. Walikuja watu wakapiga picha, vyerehani vikafutwa vumbi kwa ajili ya picha hizo, nikaombwa nisimame nyuma ya mwanafunzi nimwekee mkono begani, na nikafanya hivyo ingawa sijawahi kufundisha kwa namna ile. Baada ya hapo gari iliyokuwa ikinichukua haikuja tena. Cherehani kimoja kilikufa, cha pili tukakichokoa vipuri kukiokoa cha tatu. Mimi nikaendelea kwenda. Nikisema ilikuwa huruma nitakuwa najipamba. Nilikuwa nimezoea, na nyumbani kulikuwa na kimya cha aina nyengine, kizito zaidi. Wiki nyengine nilifika pale, tukashona saa nzima bila kusema chochote, nikaondoka nikiwa nimechoka mgongo na nimepumzika roho, au kinyume chake. Sikuwa tena na hesabu ya mambo hayo.

Katika miaka ile walikuja wanawake wengine. Mmoja alikaa wiki tatu akajifunza kutia vifungo. Mwengine alikuwa analia tu, tukamwacha alie karibu nasi. Wote wakaenda zao. Mwanafunzi wangu akawa ndiye anayewaonesha waliokuja wapi pa kukaa na vipi wasikanyage pedali kwa nguvu.

Karibu na kutoka kwake alifanyiwa mtihani wa ufundi. Alikuja mkaguzi kutoka nje, bwana mpole mwenye miwani, akamwamuru akate na kushona suruali ya mwanamume mpaka imalizike. Aliimaliza. Mkaguzi akaigeuza ndani nje, akavuta mishono kwa vidole, akasema sawa. Cheti kilipofika nilimpelekea mwenyewe. Akakisoma chote, akacheka kidogo, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

"Ntu akiniuliza nimesoma chuo gani, nimwambieje?"

"Mwambie chuo cha Wete," nikasema.

"Atajua."

"Basi akijua, amejua. Suruali itakuwa imeshonwa vizuri."

Kaka yake alikuja kumchukua. Mimi sikuwapo, nilikuwa na homa. Nikasikia kwa askari kuwa ameondoka na mfuko mmoja, na kwamba aligeuka getini akaniombea dua.

Kibandani kwangu nilikuwa na cherehani cha zamani cha miguu, kizito, cha mama yangu. Nilikuwa sikitumii tena kwa sababu ya magoti. Nikakaa nacho miezi kadhaa nikikitazama, halafu asubuhi moja nikamwona kijana mwenye pikapu aliyeleta samaki sokoni anarudi Tumbe bila mzigo. Tukakipakia nyuma pamoja na matenga, nami nikakaa mbele.

Kaka mtu alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na njia inayoshuka diko, pale pwani wavuvi wanaposhushia samaki. Mwanafunzi wangu alipokiona cherehani hakusema mengi. Alikipangusa magamba ya samaki, akatia mafuta, akakiweka ukumbini penye mwanga. Mke wa kaka yake akanitengea chai na muhogo. Nikauliza kazi zinaendaje, wakatazamana.

Wifi yake ndiye aliyejibu. "Wanaleta za kutia viraka. Wananiachia mimi mlangoni. Gauni jipya linataka kupimwa, na hawataki."

"Hawataki nini?"

"Kuguswa naye," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya mchele. Mwanafunzi wangu alikuwa pale pale anatunga uzi.

Nilijihisi nimechoka ghafla, uchovu wa miaka yote ile kwa pamoja. Nilikuwa nimemfundisha kupima, kukata, kushona, kupiga pasi. Nilikuwa sikuwafundisha watu wa Tumbe, wala sikuwa na namna. Nikawa nasubiri tu gari ya kurudia.

Hodi ilipigwa uwani. Wifi akaitika karibu, kisha akasimama bila kusogea. Aliyeingia ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, amejitanda kanga mpaka chini ya kidevu ingawa jua lilikuwa kali. Nyuma yake alikuwapo msichana mrefu wa umri wa kuanza sekondari. Sikuhitaji kuambiwa. Mrefu vile alikuwa mmoja tu mwengine, na alikuwa amekaa kwenye cherehani.

"Shikamoo bi mkubwa," yule mwanamke akaniambia.

"Marahaba. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo." Akabaki amesimama. Akatoa kitambaa cha buluu na cheupe kwenye mfuko, akakiweka mwisho wa mkeka. "Ntoto amefaulu, anakwenda skuli ya mbali. Wanataka sare mpya. Fundi wa Konde amejaa mpaka mwezi ujao." Hapo ndipo alipomtazama mwenye cherehani. "Mpime."

Mwanafunzi wangu akainuka. Futi kamba ilikuwa shingoni mwake, lakini aliitafuta mezani, kisha chini, mpaka wifi akamwonesha. Msichana akasimama katikati ya ukumbi, mikono imenyooka, anatazama ukuta. Sikujua mara ya mwisho kukaribiana walikuwa lini. Nilijua tu kwamba chuoni hakuwahi kuletwa, maana mama yake ndiye aliyekataa aletwe.

Akaanza kwa nyuma, mabega, kama nilivyomfundisha, ili mtu asione haya. Kipimo cha kwanza alikikosea, akakirudia. Urefu wa mkono. Mgongo mpaka kiunoni. Alikuwa ananitajia namba nami naziandika kwa chaki kwenye mbao ya cherehani, na sauti yake ilikuwa inapungua kila namba. Alipofika kifuani akampa msichana mwenyewe ncha ya futi aishike, yeye akaisoma kwa mbali.

"Umekuwa mrefu," akamwambia.

"Ndiyo," msichana akasema. Kisha akaongeza, "Nimempita mama." Akamwonesha kwa kidevu yule mwanamke mfupi.

Mwanafunzi wangu akaitikia kwa kichwa. Sikuona kilichopita usoni mwake kwa sababu alikuwa ameinama anapima urefu wa gauni.

"Acha pindo kubwa," mke mwenza akasema. "Huyu anakua kila mwezi."

"Ntaacha la kuteremshwa mara mbili."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Nilidhani wamemaliza. Yule mwanamke akatoa mfukoni gauni la zamani, limefifia, akaliweka juu ya kitambaa cha sare, na chini yake akaweka kitambaa kipya cha maua madogo.

"Na langu. Nataka kama hili."

Kwa mazoea ya kazi nikamwambia, "Basi njoo nawe akupime."

"Mie sipimwi, bi mkubwa," akasema bila ukali. "Atashona kwa hilo."

Mwanafunzi wangu akalichukua gauni, akalikunjua, akalitazama mbele na nyuma. Akapitisha kidole kwenye shingo yake, iliyokatwa chini kama walivyokuwa wakipenda wasichana miaka ile, kabla ya yale. Akauliza polepole, "Shingo niipandishe?"

Wifi akajitia kupanga vikombe. Nilisikia sauti za watu diko, wanaita bei.

"Ipandishe," mke mwenza akasema. "Na mikono ifike hapa." Akajionesha kifundo cha mkono wa kulia kwa kidole cha kushoto, ndani ya kanga. Kisha akaaga, akatoka, na msichana akamfuata. Mlangoni msichana aligeuka akasema, "Kwaheri." Hakusema kwaheri nani.

Mwanafunzi wangu akakaa kwenye cherehani akaliweka gauni la zamani mapajani. Alikaa hivyo mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Mwisho akainua uso.

"Mwalimu, gari yako itakuacha."

Nikaondoka. Njia nzima nilisinzia, nikaamka nimefika sokoni Wete na shingo inauma.

Yaliyofuata niliyasikia kidogo kidogo. Sare ilikaa vizuri. Gauni la maua lilivaliwa siku ya Idi, na aliyelivaa hakusema kitu kwa mtu yeyote, si sifa wala lawama, ila alilivaa, akapita nalo mtaa mzima. Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja kupimwa. Si wote. Wapo mpaka leo wanaopita nyumba ile wakaenda Konde, na ukiwauliza wanasema wamezoea fundi wao. Mume aliporudi kutoka dago alikuta mambo yako hivyo, akayaacha yalivyo. Msichana anakaa kule kule alikolelewa. Siku za Alkhamisi akitoka skuli hupita kwa mama yake mzazi, hukaa kidogo, akamsaidia kutia vifungo, akaenda zake kabla ya magharibi. Hao wanawake wawili hawasalimiani njiani. Nguo zinapelekwa na kurudishwa, na mazungumzo yao ni ya pindo na mikono.

Nilikutana na mwanafunzi wangu mwezi uliopita Wete, dukani kwa Mhindi, ananunua zipu. Amenenepa kidogo. Tukasimama tukalalamika kuhusu zipu za siku hizi, zinazovunjika meno kabla nguo haijafuliwa. Akaniambia mgongo unamsumbua na macho yameanza kuwasha jioni. Nikamwambia akae karibu na dirisha, na asikubali kazi za haraka. Akasema hawezi kukataa, ni msimu. Alikuwa na haraka ya gari ya Tumbe, nami nilikuwa na haraka ya kukaa chini.

Yule bwana wa ofisini amekuja tena kibandani kwangu, safari hii bila shangazi, maana shangazi ametangulia mbele ya haki. Ameniambia kuna mradi mwengine unakuja, na chuoni wapo wanafunzi wa kike, hajui wangapi, mmoja au wawili. Nilimwambia nitampa jibu baada ya Idi. Idi imepita, na sijampa.